Nondo za Kungojea

Jumatatu, 4 Septemba. Butembo

Ninaandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo nitafukuzwa.

Leo asubuhi Chef Éphraïm, bosi wetu, ameingia ofisini akiwa na Ariel, kijana mhandisi aliyerudi kutoka Kampala mwezi uliopita. Wameondoa programu yetu ya kuchorea na kuweka mpya. Hawakuniuliza. Miaka kumi na miwili nimechora plan za nyumba za watu kwa ile ya zamani, vidole vyangu vilijua njia vyenyewe, nilikuwa nachora ukuta huku naongea na simu. Sasa hata mstari mmoja umenishinda. Hii mpya haitaki mistari. Inataka uiambie kwamba huu ni ukuta, unene wake huu, umejengwa kwa kitu hiki, unaanzia hapa na kuishia pale. Usipojibu inakaa tu ikikutazama.

Sababu ni wafadhili wa kituo cha afya kule Kipese. Wanataka jengo lote ndani ya kompyuta, la kuzungushwa na kutazamwa kila upande, la sivyo kazi watawapa wengine. Hapo ndipo Chef, ambaye miaka yote ametumia programu aliyopewa bure na rafiki yake kwenye CD iliyokwaruzika, amegundua kwamba sisi ni watu wa kisasa.

"Eliane, hii ni évolution," ameniambia. "Batu benye banakatala évolution, banabakia nyuma."

Nimesema ndiyo, Chef. Nimetabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumanne, 5 Septemba

Mvua. Umeme umekatika saa nne. Nimemshukuru Mungu kwa yote mawili.

Ijumaa, 8 Septemba

Yaya Jokébed amepiga simu kutoka Beni. Ni dada yangu mkubwa, mimi ndiye ninayemfuata. Amepata kiwanja hukohuko, mtaa wa Bungulu, karatasi zake ni safi, na kakao yake ya msimu huu imeuzwa vizuri. Anataka kujenga.

"Nitajenga chini kwanza," amesema. "Boutique mbili mbele, kule nyuma tutalala. Kisha pole pole, étage. We njo utanichorea. Sitaki mutu mwingine."

"Ghorofa ya nini, Yaya? Nyumba ya chini haitakutosha?"

"Unajua ya nini."

Najua. Tangu walipokimbia shamba lao karibu na Mutwanga, siku shemeji yangu alipobaki kule na hakurudi, mtoto wao Hadassa hakubali kulala nyumba ya chini. Ana miaka tisa. Anakaa kitini akiutazama mlango hadi usingizi umwangushe. Anasema watu wabaya hupita chini. Mama yake amemwahidi chumba cha juu, chenye ngazi, na mlango wa chuma pale ngazi inapoishia. Kaka yake Timothée, ambaye sauti yake imeanza kuvunjika, amemwahidi kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayepandisha matofali.

Kwa hiyo nyumba nzima ya chini, na maduka yake mawili, inajengwa ili siku moja mtoto mmoja alale juu yake. Nimesema nitachora.

Alhamisi, 14 Septemba

Ariel amesimama dirishani na kikombe chake, akitazama mapaa ya mji wetu jinsi yanavyopanda na kushuka na vilima.

"Tantine Eliane, ona. Ville nzima iko sawa na nungunungu."

Alikuwa anacheka nondo za kungojea. Kwetu nyumba haijengwi mara moja. Ukimaliza chini unamwaga dalle, yaani zege la juu, na kwenye kila nguzo unaacha nondo zimesimama nje, ndefu kuliko mkono, ili siku Mungu akikupa tena, nguzo za juu zishikane na za chini. Hakuna anayezichora. Hakuna anayeziagiza. Mafundi huziacha kama mpishi anavyotia chumvi, bila kuambiwa. Mtu akipita barabarani na kuziona anajua kwamba mwenye nyumba hii bado ana mipango.

"Na kule kwenu Kampala bazikataka?" nimemuuliza.

"Kwetu Kampala wapi! Mi ni muzaliwa wa Bulengera."

Amezaliwa Bulengera, hapahapa Butembo, na anavaa miwani ya jua ndani ya ofisi.

Jumatatu, 18 Septemba

Ville morte, mji mzima umegoma. Maduka yote yamefungwa, pikipiki hakuna. Nimebaki nyumbani kufua. Nguo hazikukauka.

Ijumaa, 22 Septemba

Leo nimesogeza dirisha moja la nyumba ya Yaya, na programu ikalisogeza kwenye kila karatasi, plan, sura ya mbele, sura ya pembeni, hadi hesabu ya matofali ikabadilika yenyewe. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya siku mbili na ugomvi wa siku ya tatu. Nimeitazama kwa hasira. Si haki kitu usichokipenda kikusaidie namna hiyo.

Jumamosi, 30 Septemba

Yaya amekuja Butembo kununua misumari na amemleta Hadassa. Ofisi ilikuwa tupu. Nimewakalisha mbele ya kompyuta na kuwaingiza nyumbani kwao.

Hii mpya inaweza hivyo. Unapita mlangoni, unavuka sebule, unapanda ngazi hatua kwa hatua. Yaya alishika ukingo wa meza kana kwamba angeanguka. Hadassa hakusema kitu mpaka tulipofika juu, chumbani kwake, ambako nilikuwa nimeweka kitanda na pazia la manjano.

"Mama mudogo, mutu wa chini anaweza kuona hapa?"

Nimemshusha hadi barabarani na kumwonyesha. Kutoka chini linaonekana dirisha dogo tu, juu sana, na ukuta.

"Na mulango ya ngazi, inafungaka?"

Nimeufunga. Amelitazama lile bati la chuma kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akacheka. Yaya amegeuza uso. Sikuwa nimemsikia mtoto huyo akicheka tangu Mutwanga.

Basi nakiri, sijui kwa nani. Naipenda programu hii.

Ijumaa, 6 Oktoba

Programu imekataa kufunguka kwa sababu hakuna mtandao. Penseli haijawahi kuniomba mtandao.

Jumatano, 11 Oktoba

Chef ameitisha mkutano. Wafadhili wanataka kila faili iwe na mkuu wake, kwa hiyo atamteua mkuu wa wachoraji. Programu ikiona kosa huwasha onyo; atakayefikisha kazi isiyo na onyo hata moja, ndiye.

"Zéro avertissement," amesema, na ameyasema hayo akimtazama Ariel. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye kiti hiki. Plan za nusu ya maduka ya barabara kuu zimetoka mkononi mwangu. Amemtazama Ariel.

Nitawaonyesha.

Ijumaa, 13 Oktoba

Nimewaonyesha.

Hii mpya inaruhusu kujenga kwa awamu. Nyumba ya Yaya nimeigawa, chini ni awamu ya kwanza, ghorofa ni ya pili. Ukizima ya pili unabaki na kile kitakachojengwa sasa, tayari kumpelekea fundi. Leo nimeizima mbele ya Chef, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na chai yake. Papo hapo upande mmoja wa kioo umejaa maonyo ya rangi ya machungwa. Nondo imetoka nje ya zege. Nguzo hii, na ile, na ile, zote. Programu ilikuwa imezipitisha kutoka chini hadi ghorofani, na sasa ghorofa imezimwa, zimebaki hewani.

"Aa, Eliane," amesema Chef, kwa sauti ile ya kumhurumia mtu.

Damu imenipanda. Chini ya maonyo yale kuna kitufe kimoja, Rekebisha yote. Nimekibonyeza. Rangi ya machungwa imeyeyuka yote. Sufuri. Nguzo zimekaa sawasawa na zege, safi kama meza.

"Voilà!" amesema Chef, na amenipiga bega.

Ariel amesubiri Chef aondoke. "Tantine, uliyaangalia moja moja?"

"Unazani mi ni mutoto?"

Ameinua mikono na kurudi kwenye kiti chake. Wivu huo. Niliuona kwenye miwani yake.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mimi ndiye mkuu wa wachoraji. Mshahara uleule, kiti kilekile. Ila Chef ameniita Madame mbele ya wageni, na nimejikuta nikinyoosha mgongo.

Ijumaa, 3 Novemba

Mvua kila siku. Barabara ya Beni imeoza, malori yanalala njiani.

Kuna depot ya vifaa vya ujenzi Beni imeleta mashine ya kukata nondo. Chef amekubaliana nao. Sisi tunatuma vipimo vinavyotoka kwenye programu, wao wanakata kila nondo kwa kipimo chake na kuifunga na kibandiko cha nguzo yake. Zamani fundi alinunua nondo nzima nzima, akakata kiwanjani kwa jicho na msumeno. Sasa hakuna kipande kinachotupwa. Nyumba ya kwanza kufanyiwa hivyo ni ya Yaya. Nimejivuna, kwa nini nifiche.

Papa Zorobabel, fundi mwashi anayemjengea, amenipigia simu mchana nondo zilipofika.

"Madame Eliane, ba-fer imefika. Imekatwa propre. Sijaonaka bile tangu nianze kazi."

"Njo évolution, Papa Zorobabel."

Nilisikia mvua ikipiga mabati upande wake.

"Donc tunafuata karatasi tu?"

"Mufuate karatasi. Karatasi haina makosa."

"Bon. Sawa, Madame."

Jumamosi, 11 Novemba

Leo wamemwaga dalle Bungulu. Watu wa kanisa wa Yaya wamekuja tangu alfajiri, wamama, vijana, hata mchungaji, wakajipanga mstari na kupitishana ndoo za zege hadi juu. Nilipaswa kuwa pale. Lakini michoro ya kituo cha Kipese lazima ikabidhiwe Jumatatu, na mimi ni mkuu.

Yaya ameinua simu nisikie nyimbo. "Unasikia? Banabeba nyumba yako!"

"Yako, Yaya."

"Yako we ulichora!"

Nimelia kidogo mbele ya kompyuta. Ariel amejifanya hakuona, na hilo nimemshukuru.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua.

Jumatano, 15 Novemba

Mvua. Kipese wamekubali kazi. Chef amenunua soda.

Jumapili, 19 Novemba. Bungulu

Nimekuja Beni na gari la jirani. Tulikwama mara mbili kwenye matope, na mjini nikapanda pikipiki hadi Bungulu. Nilifika wakati watu wanatoka kanisani, nikaiona nyumba kutoka barabarani kabla ya kushuka kwenye pikipiki.

Wazo langu la kwanza, naliandika ili nilikumbuke, lilikuwa, jinsi ilivyopendeza. Dalle imenyooka, kingo zake safi, kama kwenye kioo cha kompyuta. Nilikuwa nimemlipa mwenye pikipiki na kupiga hatua kadhaa ndipo nikasimama. Nyumba za jirani zote zilikuwa na nondo zimesimama juu, zenye kutu, zenye nguo zilizoanikwa, moja ina kunguru. Ya Yaya haikuwa na kitu.

Nimepanda ngazi ya mbao ya mafundi. Juu kulikuwa na maji ya mvua yametuama. Nilienda mahali pa nguzo ya pembeni, nikaenda kwenye ya katikati, nikaenda kote. Laini. Nilipiga magoti na kupapasa kwa mkono, kama mtu aliyedondosha sindano. Najua kila nguzo ya nyumba ile ilipo, mimi ndiye niliyeziweka. Na niliiona ile rangi ya machungwa, na kidole changu, na Chef na chai yake.

"Eliane! Shuka ukule! Sombe inabaridika!"

Mezani, kuzunguka bakuli la sombe, kisamvu chetu, palikuwa na Yaya, watoto wote wawili, na Papa Zorobabel aliyepita kusalimia. Ameshika kofia yake magotini. Sikuweza kukaa.

"Papa Zorobabel, ba-fer ya kungojea iko wapi?"

Amemtazama Yaya kwanza, kisha mimi.

"Madame, si njo bile ilikatwa? Ilifika kipimo ya dalle. Niliona. Nikawaza, kumbe Mama Timothée ameacha mambo ya étage. Juu ya byote byenye bilimupata."

"Kwa nini haukumuuliza?"

"Kumuuliza namna gani?" Sauti yake imepanda, kisha ameishusha kwa sababu ya watoto. "Mujane? Mbele ya batu ba kanisa? Unamuambia, Mama, nyumba yako njo inaishia hapa? Hapana, Madame. Nilimuonea huruma. Nikakuuliza we ku téléphone, ukasema tufuate karatasi. Nikanyamaza."

Yaya aliweka kijiko chini.

"Na mi niliona," amesema. "Siku ya kumwaga niliona haiko kitu juu. Nikasema moyoni, hii ni méthode mupya ya machine. Eliane alisoma. Mi mwenye kuanika kakao nitamufundisha kazi yake?"

Hivyo ndivyo ilivyopita. Mmoja alimheshimu mjane, mwingine aliniheshimu mimi, na mstari mzima wa kanisa ulipitisha ndoo ukiimba juu ya kosa ambalo kila mwenye macho aliliona.

Nimewaambia. Nimesema programu ilizikata na mimi ndiye niliyeiruhusu, kwamba hakuna mwingine. Nimesema, "Yaya, étage haiwezekane juu ya hii."

Amesukuma sahani yake kando. Kama angenipiga kofi ningemshukuru.

"Kata kata haiwezekane?"

"Ile nguzo za juu hazina pa kushika. Zinaweza anguka."

"Juu ya watoto."

"Juu ya watoto."

Timothée ameinuka na kutoka bila kuomba ruhusa. Hadassa alikuwa na tonge mkononi, hakulila wala hakulirudisha.

"Mama mudogo, mais ulinionyesha," amesema. "Ulifunga na mulango."

Jumanne, 21 Novemba. Butembo

Nimemweleza Chef. Amesikiliza akichezea kalamu. Amesema mkataba ulikuwa awamu ya kwanza, na awamu ya kwanza imejengwa kama ilivyochorwa. "Techniquement hakuna kosa." Kiufundi. Neno hilo amelirudia mara mbili, na mara ya pili alikuwa amelipenda. Kisha akasema kama ningetaka kumtafuta mwenye kosa, nimtafute fundi, kwa sababu fundi wa hapa anayesahau nondo za kungojea si fundi.

Nimemwambia Papa Zorobabel hakusahau. Amesema, "Donc alijua. Ni mbaya zaidi."

Na ni mimi niliyekuwa nimenyoosha mgongo kwa neno Madame la mtu huyu.

Ariel ndiye aliyenifuata nje, bila miwani. Macho yake ni ya mtoto. Amekwisha kuwapigia wenzake wa Kampala. Kuna gundi maalum, unatoboa zege na kupanda nondo mpya ndani. Lakini zege lenyewe lazima liwe gumu sana, na dalle ya Yaya ilichanganywa kwa koleo na kumwagwa mvuani. Njia nyingine ni kuvunja dalle yote na vichwa vya nguzo, na kuanza tena.

"We ungelaza batoto bako juu ya ile gundi?" nimemuuliza.

"Hapana, Tantine."

Kisha akasema, "Ile siku niliona. Nilikuuliza. Ukanijibu bile. We ni mukubwa wangu, ningerudilia mbele ya Chef ingekuwa ni kukuzarau."

Hata yeye. Nilimwita mwenye wivu, na alikuwa ananitunzia heshima yangu.

Jumanne, 28 Novemba

Yaya hapokei simu zangu. Timothée amepokea mara moja. Amesema Mama yuko sokoni. Nyuma yake nilimsikia Mama akikohoa.

Jumamosi, 2 Desemba

Mvua. Nimechora choo.

Ijumaa, 8 Desemba

Mji umejaa mabango ya wagombea, nyuso kwenye kila mti. Leo asubuhi katikati yao nimekuta bango letu. Chef amelitundika kwenye njia panda bila kutuambia, na jingine, anasema, tayari liko Beni, karibu na soko.

Ni nyumba ya Yaya. Nzima, na ghorofa yake. Amewasha awamu ya pili, ameongeza maua na gari jeupe mlangoni. Dirishani juu kuna pazia la manjano. Chini yake wameandika kwamba sisi hatukosei hata milimita.

Nimeingia ofisini na kumwuliza kama ana moyo. Ameuliza kama nimeona jinsi rangi zilivyotoka vizuri.

Yaya hupita pale sokoni kila siku na gunia lake.

Jumapili, 17 Desemba. Bungulu

Nimekuja bila kuitwa.

Kutoka barabarani nimesimama tena palepale. Juu ya dalle, kwenye kila nguzo, kuna nondo zimesimama, ndefu kuliko mkono, zimeanza kushika kutu kwa mvua ya wiki. Nilidhani amevunja, amepata pesa, Mungu amefanya kitu.

Nimepanda. Nimeshika moja na kuitikisa. Imecheza mkononi kama jino la mtoto. Imechomekwa kwenye kibonge cha saruji kilichobandikwa juu ya dalle, kina cha kidole. Chini yake hakuna kitu.

Yaya amepanda nyuma yangu. Tangu siku ile ya sombe ni mara yake ya kwanza kunisemesha.

"Uiache," amesema. "Nilimuomba Papa Zorobabel. Alikatala, nikalia, akafanya."

"Yaya, hizi hazishike kitu."

"Najua."

"Timothée akikua akijenga juu yake..."

"Najua, Eliane!" Majirani wa upande wa pili wametazama. Ameshusha sauti. "Hadassa aliachaka kulala kabisa. Kabisa. Alikuwa ananiuliza, Mama, tutabakia chini mpaka tukufe? Sasa kila jioni anatoka inje, anaziangalia, anarudi, analala. Analala, unasikia? Na batu bameacha kuniuliza kama nimechoka na maisha."

Nilitaka kumwomba msamaha na nikaona kwamba hata hilo lingekuwa mzigo mwingine nampa abebe.

"Nitamuambia Timothée siku yake," amesema. "Si leo."

"Na usipokuwepo siku yake?"

Amefuta mikono kwenye kitenge. Tumesimama pale tukitazama Bungulu yote na nondo zake za kweli.

Tulipokuwa tunashuka, Hadassa alikuwa chini ya ngazi, ametoka kanisani, gauni jeupe. Amenishika mkono. Alikuwa amelala, ilionekana usoni.

"Mama mudogo, uliziona? Si inangojea tu?"

Yaya alikuwa nyuma yangu, nilisikia jinsi alivyoshika pumzi.

Nimesema ndiyo. Nimesema, inangojea.

Jumatatu, 18 Desemba. Butembo

Nimefika ofisini wa kwanza. Mvua imepungua, nadhani msimu unaisha.

Nimefungua faili ya nyumba ya Yaya na kuzima ghorofa. Nimechora nondo zile kama zilivyo, moja moja, kila nguzo, na vibonge vyao vya saruji, na kina cha kidole. Kioo kimewaka rangi ya machungwa palepale. Nondo haijashikana na kitu. Nguzo hii, na ile, na ile, zote.

Chef amepita na chai yake.

"Eliane, toa ile maonyo. Ile file njo tunaonyesha ba-client."

"Hapana."

Amesubiri niseme Chef. Sikusema. Ameniambia tutaongea baada ya sikukuu, na najua tutaongea nini.

Nimemwita Ariel na kumwonyesha. Nimemwambia faili hii aiweke mahali pengine pawili, hata nisipokuwa hapa, na siku kijana anayeitwa Timothée atakapokuja kuomba plan ya ghorofa, aifungue mbele yake, asiniheshimu mimi wala asimheshimu mama yake. Ameandika jina mkononi kwa kalamu.

Kitufe kiko palepale chini ya maonyo. Rekebisha yote. Nimeondoa mkono kwenye meza na kuukalia. Jana mimi nilimwambia mtoto ndiyo. Hii mashine peke yake ndiyo iliyosema hapana, na nimeiacha iseme.